Bwana Harusi Aliyefunga Ziwa

Mheshimiwa Meya, Ndugu Mkuu wa Hifadhi, askari wa hifadhi mliokumbuka leo kupiga pasi sare zenu, majirani wa ziwa letu la Rohrsee, na wewe shemeji yangu Ortwin, usiyependa kusifiwa: habari za mchana.

Nimeombwa niseme jema la Ortwin anapostaafu uaskari wa hifadhi. Wenzake wameyamaliza yote. Mimi, dada wa mkewe, nimebakiziwa siku ya harusi yake.

Mdogo wangu Swantje alitaka kuvuka ziwa kwa mashua hadi kanisani, kama alivyofanya mama yetu. Tukaipamba maua. Kufika gatini, tunamkuta nani? Bwana harusi mwenyewe, suti nyeusi, miguuni mabuti ya mpira, ametuzibia njia.

“Hampiti. Korongo wameanza kuatamia kwenye matete.”

“Leo, Ortwin? Siku ya harusi yetu?”

“Wao hawajui kama kuna harusi.”

“Basi sema: mimi au korongo?”

Ndugu zangu, mwanamume mwenye akili timamu angejibu nini? Shemeji yangu alifikiri! Tulimwona kabisa anafikiri!

“Wakishtuka watayaacha mayai,” akasema. “Wewe una miguu.”

Swantje akavua viatu, akashika njia ya msituni inayozunguka ziwa. Mimi nyuma, nimebeba pindo la gauni, natukana ukoo mzima wa Ortwin. Samahani, Mama Brüsehaber, wewe uliyemzaa. Tulipofika njia panda, kushoto kanisani, kulia nyumbani, akasimama akalia.

“Twende zetu nyumbani,” nikamwambia. “Huyu ameshaoa ndege.”

Akajifuta machozi. “Dada, angeweza kuninyamazia tu. Tungepita, mayai yangepoa, na mimi nisingejua maisha yangu yote. Hakuninyamazia.”

Akakata kushoto. Aliingia kanisani na tope hadi magotini, akamchapa bwana harusi kwa shada la maua mbele ya mchungaji, mara mbili, kisha akasema ndiyo.

Je, amewahi kumsamehe? Muulizeni mwenyewe, yupo hapa, anacheka. Mimi ninalojua ni hili: kila masika, korongo wakianza kulia alfajiri, Ortwin anakoroma, na Swantje ndiye anayemtikisa bega. “Amka, mume wangu. Wamerudi.”

Shemeji, ustaafu mwema. Nanyi nyote, asanteni kwa masikio yenu na uvumilivu wenu.