Ernestina, Mtoto wa Nje wa Fundi Kipimo

Ndugu waombolezaji, majirani, wateja, na nyinyi wachache mliokuja kufuata umbea tu, poleni kwa safari na poleni kwa jua, na kabla sijasoma hata mstari mmoja namwomba yeyote atakayeniona mwongo anyooshe mkono sasa hivi nimkariri sura, maana nikimaliza atanitafuta aniombe radhi, na mimi nitakuwa nimeshakwenda kula.

Historia hii imeandikwa na dada yangu, binti mkubwa wa marehemu, ambaye ni mwalimu, ameiandika kwa mwandiko uliolala vizuri, ila koo limemkauka kwa kilio, ukoo ukatafuta mtu mwenye sauti ya kufika getini bila kipaza sauti, nikapatikana mimi, na kwa kuwa shule niliiacha kidato cha pili, basi pale nitakapokwama kwenye maneno yake nitajaza ya kwangu, tusilaumiane. Na liko jambo moja lazima nilitaje mapema, kwamba jana jioni Mama Mdogo, mjane wa marehemu, alisimama sebuleni mbele ya wakwe na majirani, akasema hatatia udongo kwenye kaburi la mumewe mpaka aambiwe hadharani Ernestina ni nani, na huyo mtoto wa nje yuko wapi. Mama Mdogo, katika wote waliokaa hapa ni mimi peke yangu niliyewahi kumwona Ernestina kwa macho haya mawili. Ndiyo, nimemwona. Tulieni, tunakuja huko.

Marehemu, baba yangu mdogo, ambaye mtaa mzima ulimjua kwa jina la Fundi Kipimo, alizaliwa tarehe 3 Machi 1958, katika nyumba ya bati iliyokuwa nyuma ya kinu cha kusaga unga, akiwa mtoto wa tatu kwa wazazi wake na wa kwanza kutanguliza miguu, mpaka mkunga akasema huyu anapima kina kwanza, akiona maji mafupi ndiyo ashuke.

Alianza shule ya msingi mwaka 1966 na kuiacha mwaka 1971, baada ya kumwambia mwalimu wa hesabu mbele ya darasa kwamba mguu mmoja wa suruali yake umekatwa mfupi kuliko mwenzake, akachapwa, na jioni ile ile mwalimu akaja nyumbani kwa mlango wa nyuma, suruali mkononi, akiuliza kwa sauti ya chini kama kuna namna. Hapo marehemu akaona hakuna haja ya kurudi kwa mtu aliyekuwa mteja wake.

Mwaka 1972 alipelekwa kujifunza ushonaji, na tarehe 1 Juni 1984 akafungua chumba chake mwenyewe ghorofani, juu ya duka la mtengeneza saa, chumba chenye dirisha moja, cherehani mbili, meza ya kukatia iliyojaa makovu ya mkasi, na pasi ya mkaa iliyokataa kustaafu hata umeme ulipofika. Adui yake mkubwa alikuwa nguo ya dukani, ile iliyoshonwa tayari, alisema nguo hiyo imeshonewa mtu ambaye hayupo, na ukiingia kwake na shati la dukani hakuitikia salamu mpaka akuvute kola na kukuuliza, “Nani amekufanyia hivi?”

Tarehe 12 Desemba 1987 alifunga ndoa na Mama Mdogo, aliyekuwa amefika pale kushonewa gauni la kwenda harusini kwa rafiki yake, akapimwa Jumatatu, akaitwa Alhamisi kwamba tepu ilikunjamana, akaitwa tena Jumamosi kwamba Alhamisi alikuwa amevuta pumzi, mpaka mama yake akauliza huyo fundi anashona gauni au hema, na gauni lilipokamilika yule rafiki alikuwa ameshaolewa na ana mimba.

Katika ndoa hiyo walijaliwa watoto wanne, wa kike wawili na wa kiume wawili, wote wako hapa mstari wa mbele, na huyo wa mwisho ndiye anayenikonyeza nifupishe. Dada ameweka nukta hapa. Mimi siweki, maana nikiweka nukta hapa nitasikia minong'ono mpaka kaburini.

Sikilizeni sasa. Mwaka 2017 chuo kikuu kimoja cha ng'ambo kilitafuta mtu wa kukishonea majoho ya wahitimu, na sampuli ya Baba Mdogo ikafika kule kwa njia ya mteja wake mmoja, wakaipenda kuliko zote, yaani watu wawili tulioacha shule tukawa tunaombwa kuwavisha wasomi wa nchi za watu. Lakini chuo kile kilikuwa na sharti, hakinunui kwa mtu binafsi, kinanunua kwa kampuni, tena iliyoandikishwa kwenye nchi yao, tena iwe na umri usiopungua miaka mitatu. Baba Mdogo akasema, “Basi nitaizaa leo, nisubiri ikue.” Chuo kikasema mahafali hayasubiri.

Ndipo akatokea wakala mmoja, mtu wa kwetu anayeishi huko huko, akamwambia kwa simu, mzee, usihangaike, huku kuna wanasheria wanaounda kampuni, wanaziandikisha, halafu wanaziweka rafuni bila kufanya kazi yoyote, zinakua pale pale zikisubiri mnunuzi, wewe unachukua iliyokwisha kukomaa. Baba Mdogo aliposikia rafu akadhani ni zile za mpirani, akajibu kwa ukali kwamba yeye tangu azaliwe hajacheza rafu, na ilinichukua robo saa kumwelewesha kuwa ni rafu ya kuwekea vitu. Alipoelewa ndiyo ikawa balaa zaidi. “Kumbe ni ya dukani!” akasema, akakaa chini. “Mimi? Nivae ya dukani?”

Tulisafiri mwezi wa tano, yeye na mimi, na msiniulize nani alikuwa mshauri wa safari, mnanijua. Ofisi ya mwanasheria ilikuwa chumba kidogo chenye zulia la kijivu na mashine ya kahawa inayokoroma, na mwanasheria mwenyewe alikuwa mama mmoja wa makamo mwenye miwani mbili, moja puani, nyingine kichwani, naye wakala akawa anatafsiri. Baba Mdogo akaomba aonyeshwe kampuni aishike. Akapewa jalada jembamba na mhuri. Akalipindua upande wa ndani, kama anavyopindua koti kutazama mishono, akauliza, “Hii inaweza kupunguzwa kiunoni?”

Mwanasheria hakucheka, akajibu kwa heshima kwamba jina linaweza kubadilishwa, wakurugenzi wanaweza kubadilishwa, anwani inaweza kubadilishwa, na aina ya kazi pia. Baba Mdogo akamtazama wakala. “Muulize, nikishabadilisha vyote hivyo, nitakuwa nimenunua nini?” Mama yule akavua miwani ya puani, akavaa ya kichwani, akasema, “Umri.”

Baba Mdogo aliitikia kwa kichwa. Aliniambia baadaye kwamba katika maisha yake hajawahi kuona duka linalouza umri, na kwamba watu wangejua kuna bidhaa hiyo, foleni ingefika baharini.

Za miaka mitatu zilikuwa mbili tu, moja jina lake ni namba tupu, kama mfungwa, na nyingine ikiitwa Ernestina, na kwa kuwa kubadilisha jina kungechukua wiki kadhaa na mahafali yanakimbia, akamchukua Ernestina vile vile alivyo. Huyo ndiye Ernestina. Jalada na mhuri. Hana nywele, hana kiuno, hana mama.

Sasa kosa lilianzia wapi, lilianzia kwenye mdomo wa Baba Mdogo mwenyewe, Mungu amrehemu, kwa sababu mtu aliyelea watoto wanne hakuwa na maneno mengine ya kukisemea kitu chenye umri na ada ya kila mwaka. Akiwa dirishani na simu utamsikia, “Ernestina hajambo? Ametimiza minne? Ada yake naituma.” Na siku moja, kwa kujidai, akashuka chini kwa mtengeneza saa, akamwambia, “Rafiki yangu, nawe unanidharau, mimi nina mtoto nje.” Mtengeneza saa, uko pale nyuma, usijifiche, wewe ndiye uliyechukua maneno hayo ukaongeza herufi chache, mtoto nje ukamfanya mtoto wa nje, na kufikia jioni mtaa mzima ulikuwa umeshamtafutia sura anayofanana nayo.

Habari zilipomfikia Mama Mdogo, Baba Mdogo alijitetea kwa kweli tupu, akasema, “Mke wangu, nakuapia, Ernestina ni kampuni tu.” Naye akamjibu, “Wanaume wote mkishikwa mnasema hivyo hivyo, ni kampani tu, kampani tu. Kampani gani inalipiwa ada?” Na shangazi yetu, dada wa marehemu, badala ya kuzima moto akaanza kumwita wifi yake Bi Mkubwa, kwamba sasa kuna bi mdogo. Shangazi, usinitazame hivyo, sijasema yote. Tangu hapo kila mwaka ada ikikaribia nyumba ilinuna, chai ilikuja bila sukari, na Baba Mdogo aliinywa, akapanda ghorofani kushona majoho.

Marehemu alianza kusumbuliwa na figo mwezi Januari 2024, akapata matibabu kwa vipindi, na akafariki dunia alfajiri ya tarehe 9 Septemba 2024, mkewe akiwa pembeni yake.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, na kuwaomba radhi kwa yale aliyosema kuhusu mishono ya makoti yao meupe, inawashukuru majirani kwa viti, maji na kuni, inawashukuru mafundi wenzake waliofunga vyumba vyao leo, na inamshukuru mtengeneza saa, aliyembeba mgongoni kushuka ngazi kila siku ya kliniki, jambo ambalo nalo lisemwe.

Hapo ndipo karatasi ya dada inapoishia, na ndipo nilipaswa kukaa. Lakini ipo sehemu nimeiruka, nami niliapishwa niiruke, Baba Mdogo aliniambia nikifungua mdomo atanishonea suruali isiyo na mifuko maisha yangu yote, na sasa hivi sina wa kunishonea hata hiyo.

Mle ofisini, kabla ya kugonga mhuri, mwanasheria aliuliza swali la mwisho, mwenye kampuni aandikwe nani. Mimi nikakohoa, nikijua ni mimi, na nyinyi wote niliowaambia mtaani kwamba mwenye Ernestina ni mimi, nisameheni, nilikuwa nabeba begi. Baba Mdogo alitaja jina lako, Mama Mdogo. Karatasi ya mmiliki, aliyoituma wakala mapema, ilishakuwa tayari, na saini yako juu yake. Ile karatasi uliyoletewa kitandani wiki tuliyosafiri, ukasema lete kalamu nitie saini uniache nilale, ndiyo hiyo. Alitaka akwambie siku majoho ya kwanza yatakapolipwa, akakuta umeshasikia ya mtaani. Nilimsihi aseme. Akanijibu, “Nitamwambiaje mwanamke kwamba huyo unayemwonea wivu ni mali yako? Ataniona nimeongeza uongo. Acha anune, akimaliza nitamwambia.” Nawe ulikuwa ukisema, akiniambia ukweli nitaacha kununa. Mkaishi hivyo, kila mmoja akimngoja mwenzake.

Kwa hiyo, Mama Mdogo, Ernestina ni wako, majoho yote yaliyotoka kwenye chumba kile yalikuwa kazi ya kampuni yako, na yule mzee aliyekuwa akinywa chai isiyo na sukari alikuwa mfanyakazi wako, hajawahi kuomba hata siku moja ya mapumziko. Udongo ule pale. Sikushurutishi.

Namwona anasimama. Mpisheni njia.

Baba Mdogo, tajiri wako anakuja, ameshasikia yote, na mkononi hana fimbo, ana udongo. Likizo yako imekubaliwa, Fundi. Kapumzike.