Sekunde Kumi na Moja: Risala ya Masjala ya Wagonjwa Siku ya Kuzinduliwa kwa Mashine Mpya

Mgeni rasmi, Mkurugenzi wa Huduma za Hospitali, Mganga Mkuu wetu, wakuu wa idara, wafanyakazi wenzetu:

Sisi wafanyakazi wa Masjala ya Wagonjwa tunakukaribisha kwa mikono miwili katika chumba chetu. Utuwie radhi kwa ufinyu wa nafasi. Viti tumeazima maabara. Utuwie radhi pia kwamba wenzetu wawili, wa dirisha la pili na la tano, hawakugeuka kukusalimu. Foleni ya nje haikujua kuwa leo tuna mgeni.

HISTORIA FUPI

Tuko watu kumi na tisa na madirisha tisa. Kazi yetu ni moja: mgonjwa akifika, kumbukumbu zake zimfikie daktari kabla hajamtibu. Zamani zilikuwa faili za karatasi. Miaka kumi na miwili iliyopita tuliletewa kompyuta, na mwanzoni ilikuwa raha tupu. Unaandika jina, unabonyeza, faili hilo hapo mgonjwa hata hajaketi. Kumbukumbu zilipofika laki sita na ushee, kile kiduara cha kusubiri kikaanza kuzunguka kwenye kioo. Tukazoea kuwaambia watu, "Kaa kidogo, mzee wangu, mashine inawaza." Tulikuwa tunacheka.

Tuliacha kucheka Jumanne moja ya mwaka jana, saa nne asubuhi. Fundi seremala aliletwa chumba cha dharura baada ya kuanguka kutoka juu ya paa. Hakuweza kusema. Muuguzi akapiga simu dirisha la tatu.

"Dada, faili la seremala limetoka?"

"Bado, linazunguka."

"Fanya hima basi, huku hatuna muda!"

Alipiga tena, jibu likawa lilelile. Daktari asingeweza kungoja zaidi, akaamuru sindano ya antibayotiki. Faili lilifunguka dakika moja na sekunde hamsini baada ya kuombwa, na mstari wa kwanza, kwa herufi nyekundu, ulisema mtu huyu asichomwe dawa hiyo. Wakati huo uso ulikuwa umeshavimba na koo linafunga. Madaktari walimwokoa kwa kumpitishia mpira wa hewa. Yuko hai na anafanya kazi, ila sauti yake haijarudi sawasawa.

Wiki tatu baadaye mke wake alikuja dirishani. Tulijua amekuja kutugombeza. Hakugomba. Aliuliza tu, "Muda wote ule, hiyo kompyuta ilikuwa inatafuta nini?"

Mtunza mfumo wetu, mama mmoja mpole asiyependa maneno mengi, akasimama kwenye meza yake. "Sijui, mdogo wangu," alisema. "Lakini nitajua."

TULIVYOPIMA

Mama huyo alichukua daftari, akaandika majina thelathini ya wagonjwa, mapya na ya zamani. Kila jina alilitafuta mara tatu kwa saa ya kupimia mbio, asubuhi kabla ya kufungua na saa nne kwenye msongamano. Kabla ya kila kipimo alizima mashine na kuiwasha upya, au alingoja Jumapili kama haikuwezekana. Tulimwona anajisumbua. Akatueleza kwamba kompyuta ikishasoma kitu hukiweka karibu, kwa hiyo ukiuliza mara ya pili inakujibu upesi bila kukitafuta. Ukipima hivyo unajidanganya. Hapo ndipo tulipoanza kumwita Mama Sekunde.

Kwenye seva yetu yenye diski za zamani, zile zenye sahani inayozunguka na sindano ya kusomea, jina moja lilichukua sekunde hamsini na mbili asubuhi tulivu. Akaomba diski isiyo na sahani, iliyotolewa kwenye kompyuta mbovu ya chumba cha eksirei, akahamishia nakala ya hifadhidata humo. Sekunde kumi na saba. Wakati huohuo muuzaji wa mfumo wetu alituletea kwa majaribio mashine ya kisasa kabisa. Akaandika jina, tukangoja kidogo, likatoka. Akaliandika tena, likatoka papo hapo.

"Mmeona wenyewe?" akasema. "Kufumba na kufumbua."

"Andika jina jingine, kaka," Mama Sekunde akamwambia.

Akaandika. Tukangoja. Sekunde kumi na moja.

Sisi tulishangilia, mgeni rasmi, hatutaficha. Kutoka hamsini na mbili hadi kumi na moja! Mama Sekunde hakushangilia. Alisema kama diski ya haraka hivyo bado inahangaika kwa jina moja, basi tatizo liko kwenye namna tunavyouliza. Akaiamuru hifadhidata ieleze hatua kwa hatua inavyotafuta. Jibu likaja: ilikuwa inasoma kumbukumbu zote, ya kwanza hadi ya mwisho, kila tunapouliza. Ni sawa na mtu anayemtafuta shemeji yake kwa kugonga kila mlango wa mji. Hakuna aliyewahi kuiwekea faharasa ya majina, kama ile ya nyuma ya kitabu inayokuonyesha ukurasa.

MAFANIKIO

Jumapili moja asubuhi, hospitali ikiwa tulivu, faharasa iliwekwa. Ilichukua dakika ishirini na tano. Kisha Mama Sekunde akazima, akawasha, akatafuta jina la kwanza la daftari lake, kwenye diski ileile kuukuu.

Lilitoka kabla hatujabonyeza saa vizuri. Chini ya sekunde moja.

Alikaa chini, akafunika uso kwa viganja. Halafu akasema, "Ilikuwa inatafuta kila mtu." Tulijua anamjibu nani.

Tuseme kweli yote: saa nne, madirisha tisa yakiuliza kwa pamoja, sindano ya diski ya zamani ilirukaruka huku na huko, na jina likachukua sekunde nne. Kwenye diski ya eksirei halikuzidi nusu sekunde. Kwa hiyo vifaa vipya vina kazi yake, na hatuvidharau.

Kwa wiki sita hakuna mgonjwa aliyeambiwa mashine inawaza.

CHANGAMOTO

Mkataba na muuzaji hauruhusu mtu mwingine kugusa mfumo. Kabla ya Jumapili ile Mama Sekunde alikuwa ameandika barua mbili kuomba kibali, hazikujibiwa. Fundi wa muuzaji alipogundua faharasa aliiondoa, akarudisha mfumo ulivyokuwa. Sekunde zikarudi hamsini na mbili. Mama Sekunde alipewa barua ya onyo kwa kuchezea mali ya hospitali, akahamishiwa stoo ya mashuka. Yuko huko mwezi wa nne sasa. Leo hakualikwa.

Mashine utakayoizindua leo ni ile tuliyojaribishiwa. Tunaishukuru hospitali kwa dhati. Leo saa moja asubuhi, kabla utepe haujafungwa, tuliipima kwa majina yaleyale thelathini. Sekunde kumi na moja. Sindano ya seremala ilichukua muda mfupi kuliko huo.

MAOMBI

Tunaomba faharasa irudishwe, kwa kibali na kwa maandishi, hata wiki hii.

Tunaomba mtu wa kuitunza awe yule anayejua kupima.

Na ombi la mwisho ni zito kwetu kulisoma mbele ya wakuu wetu. Jumapili ile Mama Sekunde hakuwa peke yake. Tulikuwa saba ndani ya chumba hiki. Wawili walishika saa, mmoja aliandika, wawili walisimama mlangoni, na aliyebonyeza kitufe cha kuiweka faharasa ni mimi ninayesoma risala hii. Tulipoitwa ofisini mmoja mmoja kuulizwa nani alikuwepo, tulisema hatujui. Yeye alipoulizwa, alisema alikuwa peke yake.

Kwa hiyo hatuombi asamehewe. Tunaomba barua ile ifutwe. Na kama haifutiki, basi iandikwe upya iwe na majina saba. Sita yaliyobaki tumeyaandika nyuma ya karatasi hii, kila mmoja kwa mkono wake na saini yake. La kwanza ni langu.

Mungu akulinde njiani, awape wagonjwa wetu nafuu, na atupe sote ujasiri wa kusema yaliyo kweli.

Ni sisi,
Wafanyakazi wa Masjala ya Wagonjwa,
pamoja na mwenzetu aliyeko stoo ya mashuka.