Selestina wa Begi la Bluu

Baba Paroko, mtendaji wa kijiji, mganga mfawidhi wa zahanati yetu, wahudumu wa afya mliokuja na fulana zenu, ndugu na majirani, kabla sijaanza naomba kila aliyekaa chini ya turubai hili anyanyue mkono wa kulia na kuapa kwamba atakayoyasikia hapa hayatavuka lango la shamba, hayatafika mnadani, hayatafika kwenye mashine ya kusaga, wala hatapigiwa simu mtu wa Mbulu kuelezwa, na wewe Clemensi najua utanyanyua wa kushoto, nakuomba ubadilishe. Asanteni, mmeapa. Mimi mwenyewe sikuapa, kwa kuwa nimepewa kazi ya kusoma, na msomaji akifunga mdomo ninyi mtasikia nini, kwa hiyo nayatoa yote.

Marehemu Selestina Boay Lohay alizaliwa Jumatano tarehe 14 Machi 1962 hapa hapa Ganako, akiwa mtoto wa mwisho wa mzee Boay Lohay, na mimi Blandina ndiye niliyemtangulia, nikiwa na miaka sita, na hadi asubuhi ile mimi ndiye niliyekuwa nakalia mapaja ya mama na kukwangua sufuria ya maziwa, ikafika saa nne nikaambiwa nisogee, na kusema kweli mbele ya jeneza, tangu siku hiyo nimekuwa nasogea tu.

Alianza darasa la kwanza Januari 1971 na kumaliza la saba mwaka 1977, wakati mimi niliishia la nne, kwa sababu mama aliumwa mgongo na mtu wa kubaki na ndama akaonekana ni mimi, na yeye alipopata kusoma akawa ndiye msomaji wa barua za mtaa mzima, watu wanatoka hadi mteremko wa pili na bahasha zao, anawasomea nyuma ya ghala kwa sauti ndogo, na nilipomuuliza barua ya jirani ilisema nini hata akalia vile, alinyamaza, nikampa asali kikombe kizima aniambie, akala asali, akapangusa mdomo, akasema, "Dada, tamu," na barua ile hadi leo siijui.

Tarehe 6 Agosti 1983 alifunga ndoa na Lazaro Qamara, ambaye alitangulia mbele ya haki mwaka 2014, na bibi harusi alibebwa kwenye tela la trekta lililofungwa maua na masuke ya ngano, watu wanapiga vigelegele toka barabara kuu hadi kanisani, mimi niliolewa kwa miguu na mvua ikaninyeshea. Walijaliwa watoto wanne, Thomasi mwaka 1984, Marsela 1987, na Hilary 1992, na kati yao alikuwapo binti aliyezaliwa Februari 1990, ambaye alishikwa na homa akiwa na miezi miwili, mama yake akamfunga mgongoni na kushuka naye kwenye tope jekundu la Aprili kuelekea zahanati, alipofika nesi akamfungua nguo, akamfunika tena. Hapo sikumwonea wivu, naomba niandikiwe hilo.

Kazi yake ilikuwa kilimo cha mahindi na maharage, na tarehe 21 Mei 2009 mkutano wa kijiji ulimchagua kuwa mhudumu wa afya ngazi ya jamii, ile kazi ya kupita nyumba kwa nyumba kuangalia nani mjamzito, mtoto gani hajachanjwa, mzee gani ameacha dawa, kisha kuwaunganisha na zahanati, na ninyi wenye kumbukumbu mnajua kwamba na mimi niligombea, nikapata kura tatu, moja yangu, moja ya mume wangu, na ya tatu nahisi ilikuwa yake yeye Selestina, jambo lililoniuma kuliko kushindwa.

Basi akapewa begi la bluu la mgongoni, mabuti ya mvua, utepe wa kupimia mikono ya watoto, bango kitita lenye picha za mama ananyonyesha na baba anachimba choo, fomu za rufaa, na daftari lenye jalada gumu la bluu, akapaka namba kwenye kila mlango kwa rangi nyeupe, wangu ukawa 14, na akaanza kuitwa semina. Semina ya chanjo, semina ya lishe, siku ya afya ya kijiji, maonyesho kule Karatu mjini, hakuna shughuli iliyompita, anaondoka asubuhi na fulana imenyooshwa pasi, anarudi jioni na kalamu mpya na cheti, na kila mara aliniletea chapati mbili za semina zimefungwa kwenye karatasi laini, na kila mara nilizimaliza nikiwa nimekasirika. Watoto wakaanza kumwita daktari. Wajukuu zangu mimi, niliowafulia nepi, wakimwona na lile begi wanamkimbilia yeye.

Tarehe 3 Februari 2023, saa kumi na mbili na robo asubuhi, alimfikisha hospitali Nanyokie, yule mama aliyekuja kutoka Loliondo kukaa kwa shemeji yake, aliyekuwa anasema miguu inavimba kwa sababu ya baridi ya Karatu tu, na Kiswahili chake kilikuwa kidogo, hivyo Selestina alifuatana na mkwe wake Doreen, mke wa Thomasi, ambaye kwao pia ni Loliondo, akamwelezea kwa Kimaasai kwamba ile si baridi, ni mimba inayodai daktari, na mtoto akatoka mzima, yule pale amekaa anakula kitumbua, na tangu siku hiyo Nanyokie alimwita marehemu yeyo, yaani mama. Najua mnaanza kutazamana mkijiuliza mimi nisiyekumbuka hata siku waliyozaliwa wanangu saa na robo nimeitoa wapi, tulieni.

Kisha ikaja ile semina ya siku tano ya wahudumu wapya, Novemba 2024, ambapo kila mhudumu wa zamani aliambiwa apeleke kijana mmoja atakayemrithi kazi, na mimi nilishampanga mjukuu wangu Angela, nikamfumia hadi sweta la kuvaa, lakini tarehe 9 Novemba likaandikwa jina la Doreen. Nilimfuata shambani kwake mbele ya vibarua, nikamwambia, "Selestina, wa damu yako umemtupa, umembeba wa Loliondo, nani alikuroga?" naye akaniangalia, akasema, "Dada, jembe lako linagonga mawe, sogea huku kwenye udongo," na hakuongeza neno. Kwa miezi saba sikumpa mkono wa amani kanisani, na kila Jumanne aliyoweza akaendelea kuja na begi lake, anasimama mlangoni pangu na kuuliza, "Dada, ya asubuhi umekunywa?" kwa maana ya vidonge vyangu vya presha, na mimi namjibu, "Kamuulize Doreen," na kwa kumkomesha nikawa kweli sivinywi.

Alianza kuumwa tumbo na mgongo katikati ya Januari 2025, akatibiwa zahanati, akapelekwa hospitali hapa Karatu, na Machi akapewa rufaa kwenda Moshi, ambako waligundua uvimbe ambao ulishakuwa mkubwa, akaomba kurudishwa nyumbani, akauguzwa na Doreen, na Jumanne tarehe 10 Juni 2025, saa tano asubuhi, akafariki, ile Jumanne ambayo, japo alishalala kitandani, mimi nilikuwa nimekaa mlangoni kwa mazoea namsubiri nimjibu vibaya.

Kilichofuata mnakijua. Jumatano mganga mfawidhi alikuja kutoa pole na kuomba lile daftari, kwa sababu ndani yake wameandikwa akina mama wa kufuatiliwa wiki hii na kuna mmoja amebakiza siku chache, begi likashushwa kwenye msumari mbele ya wafiwa, likafunguliwa, utepe upo, bango kitita lipo, mabuti yapo chini, daftari halipo. Sauti ikatoka kwa wale waliokaa jikoni ikiuliza, "Aliyelibeba begi mara ya mwisho ni nani?" na nyingine ikajibu, "Huyo wa Loliondo, ana mkono mrefu huyo, anaficha ili awe yeye peke yake anayejua kazi," na Marsela akaingia chumbani kwa wifi yake, akamwaga nguo zake zote uwanjani, na Doreen akazitazama, akasema tu, "Mama hakunifundisha kuiba," na tangu hapo hajala chakula cha msiba huu, na nasikia ametumiwa neno kwamba tukishazika arudi kwao.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia Karatu na Moshi, inamshukuru mganga mfawidhi na wahudumu wenzake waliokuja na fulana zao wakajaa mabenchi manne, nami nikizikwa sijui kama nitajaza mawili, inawashukuru majirani kwa kuni, maji, mahindi ya makande na turubai, inamshukuru Nanyokie aliyetoka Loliondo na mtoto mgongoni na maziwa ya kumlaza yeyo wake, na mwisho familia inapaswa kumshukuru Doreen, na hapa ndipo nawakumbusha kile kiapo chenu.

Ile sauti ya kwanza jikoni ilikuwa yangu. Ya pili pia ilikuwa yangu, nilibadilisha kidogo.

Jumanne niliingia chumbani kuchagua nguo ya kumvika marehemu, nikaliona begi msumarini, nikawaza kwamba wakitoka makaburini tu atavalishwa Doreen, na moyo ukaniambia bora lisipate mtu kuliko lipate huyo, nikachomoa daftari, nikalifunga kiunoni kwa khanga ya ndani, nikatoka nalia, na kilio kilikuwa cha kweli. Nililizika kwenye gunia langu la maharage. Alhamisi mlinipa kazi ya kuandika historia hii mkisema mimi ndiye mkubwa aliyebaki, nikakwama kwenye tarehe, nikalitoa, na nisidanganye, nimelitamani kwa miaka kumi na sita, nikavaa miwani nikijua sasa nitakula siri za Ganako nzima hadi nishibe.

Majina ya wagonjwa hakuna. Kaandika namba za milango, na mimi namba za watu sikuwahi kuzikariri, naona "31, amerudi kliniki", "8, mtoto ameongezeka uzito", sijui ni nani na nani, niliyemtambua ni yule "mgeni wa Loliondo, hospitali saa 12 na robo" tu, hata akiwa amekufa ananilia asali na kunyamaza. Namba ninayoijua ni moja, nikaitafuta, nikaikuta kwenye kurasa nyingi kuliko mlango wowote, "14, Dada hajanywa dawa. Rudi," Jumanne inayofuata, "14, Dada hajanywa. Rudi," na ya mwisho ni tarehe 15 Aprili, mwandiko umelala kabisa, wakati ambao mimi nilidhani anapita pale na ugonjwa wake ili kunionyesha begi.

Na chini ya tarehe 9 Novemba 2024, nasoma kama ilivyo, "Angela amekuja, amekataa semina, amepata nafasi ya chuo cha hoteli, ameniomba nisimwambie bibi yake kwamba ni yeye aliyekataa. Sitasema. Nampeleka Doreen." Angela, inua kichwa, sikuchapi, umeshakuwa mkubwa. Miezi saba nimemtukana mtu shambani, kanisani na kwenye mashine ya kusaga kwa neno ambalo angelimaliza kwa sentensi moja, na hakuisema, na kwa hilo nimemwonea wivu kuliko trekta, kuliko kura, kuliko begi, maana mimi ningesema kabla ya kufika nyumbani.

Sasa tazameni mkononi mwangu. Mnaona karatasi ninazosoma, lakini hamjatazama nimeziwekea nini chini ili upepo usizichukue, ni ubao mgumu wa bluu, na nikiondoa karatasi ya mwisho hivi, mbele ya baba paroko, mbele ya mtendaji, mbele yenu mlioapa, ni daftari la Selestina, na mwizi ndiye huyu aliyelishika. Mganga mfawidhi, kaa kwanza, usije kwangu. Doreen, njoo wewe ulipokee, ni lako, yule mama aliyebakiza siku chache yuko ukurasa wenye punje ya harage. Marsela, tukirudi mimi na wewe tutafua zile nguo, tutazinyoosha, tutazipanga tulipozitoa. Anayetaka kunishtaki, mtendaji amekaa hapo.

Selestina binti Boay, mdogo wangu, pumzika kwa amani, usirudi, ya asubuhi nimekunywa.