Kata Iliyofichwa Chini ya Pilau

Kijiwe chetu cha kahawa, mtaani Picha ya Ndege, kiko ubavuni mwa duka la mabati. Anayekiongoza ni Jabiri, tunayemwita Spika kwa sababu hakuna anayemaliza sentensi bila ruhusa yake. Pembeni yake hukaa Telesphory, karani mstaafu kutoka Bukoba, jina lake la kijiweni Msomi. Wiki ile kahawa ilinywewa kwa hasira. Matano, kaka yake mwenzetu Mwinshehe, alikuwa wodini. Kiharusi kilimpoozesha upande mmoja, hawezi kujigeuza, na ngozi ya makalioni ilishaanza kubadilika rangi.

Mwinshehe alifanya alichowahi kumwona bibi yake akifanya. Alizungusha kanga ikawa kata, kama ile ya kubebea ndoo kichwani, akaiweka chini ya kaka yake ili lile doa lisiguse godoro. Kisha akalisugua kwa mafuta ya nazi, kwa nguvu zote za mapenzi.

Nesi Stellamaris aliitoa kata akamrudishia. Alimweleza kwa upole kwamba hata wao manesi walikuwa wakifanya hivyo zamani, lakini utafiti umeonyesha kata hubana damu pembeni, na kusugua huumiza ngozi iliyokwisha kuchoka. Kinachosaidia ni kumgeuza mgonjwa mara kwa mara. Usiku wangemgeuza manesi; mchana, kwa kuwa wao ni wachache, aliomba ndugu wasaidie. Akamwonyesha Mwinshehe namna ya kumshika.

Neno "utafiti" ndilo lililotuvuruga. Msomi alisema utafiti huanzia kwa panya, kwa hiyo Matano yuko kwenye foleni nyuma ya panya. Spika akadai wazungu wanataka kulinganisha makalio ya watu wa Pwani na ya watu wa bara. Msomi, ambaye makalio yake ni ya bara, akauliza kwa nini basi hawakuanzia kwake, na ilionekana kweli ameumia. Birika la pili lilipoisha, tulikuwa na hakika kwamba picha za Matano zimeshafika Ulaya.

Ikaamuliwa kata irudi wodini kwa siri. Kesho yake, saa ya kuona wagonjwa, Spika aliingia na hotpoti, sisi nyuma yake. Kata ilikuwa chini, pilau juu.

Stellamaris aliomba aone chakula kwanza, kwa kuwa mgonjwa wa kiharusi hupaliwa kirahisi. Alizamisha kijiko, kikatoka na pindo la kanga. Hakugomba. Aliikung'uta punje za wali, akaiweka kwenye benchi la mbao na kumwomba Spika aikalie mpaka saa ya wageni iishe, bila kusogea.

Spika alikaa kwa heshima zote. Haukupita muda akaanza kuhamisha uzito, kushoto, kulia.

— Usijigeuze, mzee, Stellamaris alimwambia. Matano hajigeuzi.

Kengele ilipolia, Spika alisimama miguu imekufa ganzi, tukamshika huku na huku kama bwana harusi. Alipopita kitandani kwa Matano alimtazama usoni, na hakusema kitu mpaka tulipofika barabarani.

Lakini Spika hanyamazi siku mbili. Asubuhi iliyofuata alitangaza kwamba yeye ndiye aliyekuwa akifanya utafiti, na nesi alikuwa msaidizi wake. Mabishano sasa yakahamia kwenye namna ya kugeuza: bega litangulie au nyonga? Msomi akalazwa kwenye benchi awe mgonjwa. Mwinshehe akamgeuza kama alivyofundishwa, Spika akamgeuza kwa njia yake, Msomi akalalamika kwamba kahawa inampanda puani. Adhuhuri ikapita.

Ndipo akaja Zubeda, mke wa Matano, akitokea Magindu alikokwenda kuangalia mbuzi. Tukaitikia salamu yake bila kumwachia Msomi. Alisimama na kifurushi chake, akamtazama yule mzee akibiringishwa.

— Shemeji, alimwuliza Mwinshehe, Matano yuko na nani?

Mwinshehe alimtazama Spika. Spika alimtazama Msomi. Msomi, akiwa amelala ubavu, alitazama lami.

Tulikwenda wote, hata muuza kahawa. Wodini tulimkuta Stellamaris amemkumbatia Matano mabegani, peke yake, akijaribu kumvuta, jasho likimtiririka shingoni. Zubeda aliweka kifurushi chini akashika nyonga. Mwinshehe akashika miguu. Spika, kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu, aliuliza ashike wapi.

Doa lile halikupasuka. Lilififia polepole wiki zilizofuata. Lakini siku ile, alipokwisha kulazwa upande wa pili na mto kuwekwa mgongoni, Matano alituangalia mmoja mmoja, akakusanya maneno kwa ule upande wa mdomo uliobaki na nguvu.

— Mme...chelewa, alisema.

Spika alitazama chini, akamnyooshea shuka.