Mama Orysia Hayumo Kwenye Kikomo

Kama si mimi, Garth Moffat, dereva wa gari la kulainisha barafu, Saskatoon isingekuwa na timu ya hoki ya barafuni. Nyota wote wa mji huu wameteleza juu ya kazi yangu. Ndiyo maana nimepewa heshima ya kuandika habari za Orysia Bodnarchuk, fundi cherehani wetu, anayestaafu tarehe 30 Juni baada ya miaka thelathini na mmoja ya kushona majina mgongoni mwa jezi.

Amewashonea mabingwa na wavivu kwa uzi uleule. Kulikuwa na jina moja la Kifini, refu hata likazunguka kwapa na kuishia kifuani, naapa. Na pirogi zake, yale maandazi ya kuchemsha yaliyojazwa viazi, ziliwahi kumtoa kitandani golikipa mwenye homa, akacheza siku hiyohiyo.

Ila kazi nzito si kushona, ni kufumua. Kiangazi kilichopita nyota wetu, Colby Desrosiers, alisaini mkataba mnono wa miaka minane. Mji mzima tukapiga honi. Kesho yake nikamkuta Orysia na mkasi mkononi, herufi zimetapakaa mezani. Petryshyn, beki wetu kipenzi, kauzwa. Golikipa wa akiba, kauzwa. Ligi imeweka kikomo cha jumla ya mishahara, sawa kwa kila timu, tajiri na maskini. Colby akishamega pande lake, wengine wanagawana kilichobaki, na asiyeenea anaondoka.

"Ndiyo shangwe yenu ya jana hiyo, Garth," aliniambia bila kuinua kichwa. "Hebu shika hiyo P, isianguke."

Basi Machi ikatangazwa kuwa Orysia naye anaondoka. Yaani kikomo kimeteremka mpaka kwenye cherehani? Nikaingia kantini, timu nzima inakula, nikamwendea Colby moja kwa moja.

"We dogo, umemmaliza Petryshyn, sasa unamla na mama wa watu?"

Uma ulimdondoka. "Mzee Garth, nimefanya nini tena?"

"Mshahara wako umemfukuza Orysia!"

Kumbe Orysia mwenyewe yuko kwenye foleni ya supu. Alicheka mpaka akashika ukuta.

"Garth, kikomo ni cha wachezaji! Umeniona lini nafunga goli? Macho yamechoka, baba. Naenda Yorkton kwa dada yangu, nikapande mboga za biti."

Wachezaji wakamshonea jezi ya kuagia yenye jina lake. Aliitazama, akaifumua, akaishona upya.

Orysia, asante kwa kila mshono. Biti zako ziote, macho yapumzike, na Yorkton ikutunze kama ulivyotutunza.

Mimi nabaki, na kuna jambo itabidi niende ofisini kulizungumza: tangu niajiriwe sijawahi kuomba nyongeza ya mshahara, nikiogopa kwamba nitasababisha mchezaji auzwe.