Binamu wa TB

Hapo Elburgon, nje ya yadi ya mbao, kuna benchi ya mabanzi ambayo hakuna anayekumbuka ni nani aliyeipigilia misumari. Baridi ya asubuhi ikishuka kutoka Mau, wenye benchi hufika mmoja mmoja, mikono mfukoni, na Jemutai, mwenye kibanda cha hapo, anawamiminia kahawa ya tangawizi. Yuko Micah, anayeitwa Viazi kwa vile ni broka wa viazi vya Molo. Yuko Makhanu, yaani Daktari, aliyewahi kuuza dawa za ng'ombe kwa duka la agrovet miaka miwili. Na yuko Njuguna, fundi wa kunoa misumeno, waliyembatiza Hansard, kama kumbukumbu za Bunge: neno likiingia sikio lake limerekodiwa, na lazima litasomwa mahali. Jumanne moja akatokea pia Ephantus, mpasua mbao wa yadi hiyo, ambaye hawakuwa wamemwona kijiweni tangu Februari, tangu isemekane ana TB.

Njuguna alipomwona, kahawa ilimpalia.

— Tulieni, Ephantus alisema akikaa. Majibu ya hospitali ya Nakuru yametoka. Sina TB.

— Umepona! Viazi akapiga makofi.

— Sikuwa nayo. Nimemeza dawa miezi sita na kikohozi kiko pale pale. Sasa wamepanda makohozi yangu kwa maabara, wakapata mdudu mwingine. Kwa darubini anafanana na wa TB, lakini ni binamu tu. Huyu anaishi kwa maji na udongo. Na anakua mbio! Yule wa TB anachukua wiki nyingi kumea. Huyu wangu hakumaliza wiki.

— Kama viazi vya Shangi! Viazi aliruka. Unapanda leo, kesho unaita lori. Hiyo ni hybrid, buda. Kuna mtu anawawekea mbolea.

— Wacha ushamba, Daktari alisema. Haraka haraka haina baraka. Mdudu wa kukua haraka anazeeka haraka. Kufika Krismasi huyo ameshachukua pensheni.

— Daktari wa Nakuru amesema dawa ni zaidi ya mwaka, Ephantus alijibu. Dawa kadhaa pamoja. Na sindano kwanza.

— Huyo amesomea watu. Mimi nimesomea ng'ombe, na ng'ombe ana mapafu makubwa kuliko wewe.

Jemutai alimwongezea Ephantus kahawa.

— Na ulimtoa wapi?

— Hata wao hawajui. Inaweza kuwa maji ya bomba, inaweza kuwa shawa, ama mchanga wa shamba. Wanasema mapafu yangu yalikuwa na makovu ya kitambo, ndio akapata mahali pa kukaa.

— Shawa! Daktari aliinua kidole. Si wahenga walishasema? Maji ukiyavulia nguo, lazima yakuingie kifuani.

— Ndio maana mimi huoga Jumapili peke yake, Viazi alisema.

— Tunajua, Jemutai akasema.

Walicheka, hata Ephantus, mpaka kikohozi kikamkunja mara mbili. Wakangoja amalize. Viazi hapendi kimya, kwa hivyo akaendelea.

— Mimi nawaambia hao wadudu walikuwa wamelala chini ya Menengai tangu gharika ya Nuhu. Watu wakachimba kutafuta mvuke wa umeme, wakawaamsha wakiwa na njaa.

— Zii. Ni mzungu settler aliwaacha, Daktari alisema. Alipoambiwa arudi kwao, akawaweka kwa dam walinde shamba. Mtoto wa nyoka ni nyoka!

— Sasa nyoka ni nani hapo?

— Ngoja nimalize, utajua.

Njuguna hakuwa na nadharia, na hiyo haikuwa kawaida yake. Alikuwa ameshika kikombe kwa mikono miwili.

— Na huyo mdudu, aliuliza polepole, anaambukiza?

— Wanasema kwa kawaida mtu hampi mwingine.

Njuguna aliangalia chini. Februari alikuwa akifanya kazi hatua mbili kutoka kwa Ephantus, vumbi moja, kikohozi kimoja, na nyumbani alikuwa na mtoto wa miezi minne. Aliogopa. Asubuhi moja alimpelekea bosi wa yadi msumeno ulionolewa, na kabla hajaulizwa akasema, "Yule Ephantus ana TB." Jumamosi hiyo Ephantus akaambiwa akapumzike mpaka aitwe. Hajaitwa mpaka leo.

Viazi alikuwa amefika kwa ndege zinazomwaga wadudu toka mawinguni wakati Rahab, mke wa Ephantus, alipovuka barabara na bahasha mkononi. Aliwasalimu wote, akabaki amesimama.

— Tunaenda kwa bosi na hii barua ya hospitali, alisema. Lakini nina swali dogo. Nani alimpelekea maneno ya TB? Sisi hatukumwambia.

Viazi akakagua viatu vyake. Daktari, mwenye jibu la kila ugonjwa wa mtu na wa mnyama, akaomba kahawa nyingine.

— Ni mimi, Njuguna alisema.

Rahab alimtazama.

— Wewe? Mtu aliyekula kwangu Krismasi?

— Niliogopea mtoto. Nilifaa kukuuliza kwanza, Ephantus. Sikukuuliza.

Kifua cha Ephantus kilikuwa kikipanda na kushuka, na haikujulikana kama ni hasira au ni pumzi.

— Miezi saba, alisema. Miezi saba bila kazi, Njuguna. Ningekuwa na nguvu ningekuzaba kofi.

— Nizabe tu.

— Kofi haliandiki mtu kazi, Rahab alisema, akamsukumia Njuguna bahasha kifuani. Inuka. Wewe ndiye utamsomea bosi hii, neno kwa neno. Njia ya ofisi yake unaijua.

Njuguna akaweka kikombe chini, kahawa ikiwa nusu, akatangulia.