Jembe Lililofungwa kwa Mpira

Lori la kijiji lilitoka Bariadi limejaa magunia ya pamba, na sisi abiria tulikaa juu yake. Karibu yangu alikaa Mayala, mkulima wa Sapiwi, jembe mapajani. Alikuwa anakwenda Lalago kucheza bugobogobo, ngoma ya majembe. Vidole vyake vyote vilikuwa vimekakamaa kwa baridi yabisi.

Bi Siwema, muuza kanga wa mjini, alivitazama tangu tulipoondoka. "Kaka, mikono hiyo haishiki hata kikombe. Kwa nini usicheze bao?"

"Bao nimelicheza, mayu," alijibu Mayala, akimwita mama kwa Kisukuma. "Kete zinaniponyoka, wenzangu wanasema ninaiba."

"Basi uimbe."

"Umesikia nikiimba?"

Mimi nilikuwa nimemsikia njia nzima, na hapo nilimwunga mkono Mayala kimoyomoyo.

Mayala alitoa kipande cha mpira wa baiskeli, akakizungusha kwenye mpini na kifundo cha mkono, akauma ncha moja. Ncha ya pili alininyooshea mimi. Niliivuta, na Bi Siwema akanitazama vibaya.

"Kiongozi wa ngoma atakufukuza," alimwambia Mayala.

"Mwaka jana alinifukuza kwa maneno, nikaondoka. Mwaka huu itabidi anibebe."

"Na jembe likimpiga mtu?"

"Wasimame mbali. Mimi nataka nafasi."

Lori liliposimama Lalago, Bi Siwema alikuwa bado anamkataza. Mayala aliteremka akauelekea uwanja, jembe likiyumba mkononi. Watu walimpisha upesi kuliko wanavyompisha mwenyekiti wa kijiji.